Kadi ya kunasa video imegoma baada ya kupandisha toleo la mfumo: pima hivi

Kadi ya kunasa video, yaani kifaa kinachoingiza picha ya HDMI au ya kanda kwenye kompyuta, ilikuwa ikinasa vizuri. Kompyuta ikapandishwa toleo, na sasa programu ya kurekodi inatoa skrini nyeusi, au jina la kadi limepotea kabisa kwenye orodha. Mara nyingi kadi yenyewe ni nzima. Kilichokatika ni kiungo kimoja kati ya vitatu: kompyuta kuiona kadi, draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi) kupakiwa, au programu kupata ruhusa pamoja na aina ya picha inayoielewa. Pima kwa mpangilio huo, na usiguse cha pili kabla ya kumaliza cha kwanza. Anayeanza kwa kufuta kila kitu ili asakinishe upya huishia kupoteza draiva ya zamani ambayo mtengenezaji alishaiondoa kwenye tovuti yake.

Kabla ya kufuta chochote

Kwenye Windows una siku 10 tangu kupandisha toleo za kurudi ulikotoka, kupitia Settings, System, Recovery, kisha Go back. Zikipita, folda ya Windows.old hufutwa yenyewe. Ukitaka muda zaidi, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Amri hii inafaa tu ikiwa siku 10 hazijaisha.

Hata kama huna nia ya kurudi nyuma, Windows.old ina hazina. Draiva zako za zamani zimo ndani ya C:\Windows.old\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Tafuta folda yenye jina linalofanana na faili ya .inf (faili ya maelezo ya draiva) ya kadi yako, uinakili yote kwenye flashi. Draiva zilizovuka hadi mfumo mpya nazo zihifadhi:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Badilisha D: iwe herufi ya diski yako, na uunde folda hiyo kwanza. Sasa ukikosea una pa kurejea.

Je, kompyuta inaiona kadi?

Chomeka kadi ya USB moja kwa moja kwenye kompyuta, bila habu wala waya wa kurefusha. Fungua Device Manager, chomoa kadi, ichomeke tena, uangalie kama orodha inacheza. Isipocheza hata kidogo, jaribu poti nyingine na waya mwingine kabla ya kulaumu mfumo. Pia zima kompyuta kabisa: shikilia Shift unapobofya Shut down. Windows huwa haizimiki kikamilifu kwa kawaida. Huhifadhi hali ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ili iwake haraka, na kifaa kilichokwama hubaki kimekwama hadi kesho yake.

Kadi ya PCIe, ile inayokaa ndani ya kompyuta, isipoonekana kabisa, ichomoe umeme ukiwa umezimwa na uirudishe imara kwenye nafasi yake. Inayoonekana kisha ikapotea baada ya dakika kadhaa, tatizo lake huwa ni kubana umeme: kwenye mipangilio ya kina ya Power Options, chini ya PCI Express, weka Link State Power Management iwe Off.

Ikionekana, hata kwa jina la ajabu au alama ya njano, bofya jina lake mara mbili, nenda kwenye Details, chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama hiki:

USB\VID_534D&PID_2109

Hiyo ndiyo kadi yako halisi. Jina kwenye boksi ni mapambo. VID ni namba ya mtengenezaji, mara nyingi wa chipu, na PID ni namba ya bidhaa yake. Mfano huo ni MacroSilicon MS2109, chipu iliyomo ndani ya vijiti vingi vya bei nafuu vya HDMI, na haihitaji draiva yoyote ya ziada. Vile vijiti vya kunasa kanda za VHS vinavyouzwa kwa jina la EasyCap ndivyo vinavyochanganya watu zaidi, kwa sababu ganda moja linaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani: 05E1 na 0408 ni STK1160, 1B71 na 3002 ni UTV007, na VID ya EB1A ni Empia. Draiva ya mmoja haifanyi kazi kwa mwingine hata vikifanana kama mapacha. CD iliyokuja na kifaa si ushahidi. Namba ndiyo ushahidi. Ukitafuta draiva mtandaoni, tafuta kwa namba hizo.

Utofauti mkubwa ni huu: je, kadi inafuata kanuni ya UVC? Kadi ya UVC inajitambulisha kama kamera ya kawaida, na Windows, macOS na Linux zote zina draiva yake tayari. Kadi kama hiyo ikigoma baada ya kupandisha toleo, tatizo ni ruhusa, aina ya picha, au draiva ya zamani iliyong'ang'ania juu yake. Kadi isiyo ya UVC inategemea draiva ya mtengenezaji, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Soma namba ya kosa

Kwenye kichupo cha General, chini ya Device status, Windows huandika namba. Watu huiruka, ilhali inakwambia karibu kila kitu.

Code 28: hakuna draiva iliyowekwa. Sakinisha ile ya toleo jipya, au ile uliyonakili.

Code 10: draiva ipo lakini kifaa hakikuwaka. Mara nyingi ni draiva ya zamani isiyoelewana na mfumo mpya, au umeme mdogo kutoka kwenye poti.

Code 43: kifaa kimeripoti hitilafu na Windows imekisimamisha. Hapa anza na waya na poti. Ikiendelea vilevile kwenye kompyuta nyingine, kadi imekufa kweli.

Code 52: Windows haikubali sahihi ya kidijitali ya draiva.

Code 39: draiva imeharibika, haipo, au imezuiwa isipakiwe.

Code 48: draiva imezuiwa kwa kuwa inajulikana kuwa na matatizo. Usihangaike nayo; tafuta mpya.

Code 52 na 39 ndizo za kukaa nazo, maana ndizo zinazotokea hasa baada ya kupandisha toleo. Tangu Windows 10 toleo la 1607, la mwaka 2016, draiva mpya za kerneli zinatakiwa zisainiwe na Microsoft yenyewe. Ila waliacha milango: draiva yenye cheti kilichotolewa kabla ya 29 Julai 2015 inaruhusiwa, kompyuta iliyopandishwa kutoka toleo la kabla ya hapo inaruhusiwa, na kompyuta yenye Secure Boot (ulinzi unaokagua sahihi wakati wa kuwaka) iliyozimwa inaruhusiwa. Sasa fikiria aliyetoka Windows 10 kwenda Windows 11. Ili akidhi masharti, huenda ameingia BIOS akawasha TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot, na pengine akasakinisha mfumo upya kutoka mwanzo. Milango miwili imefungwa kwa siku moja, na draiva iliyokuwa ikipita kimyakimya imeachwa nje.

Mtandaoni utashauriwa uzime Secure Boot na uandike bcdedit /set testsigning on. Inafanya kazi, lakini ni kung'oa mlango ili kuingiza kiti. Itumie kwa jaribio moja la kuthibitisha kuwa sahihi ndiyo tatizo, kisha irudishe kwa testsigning off. Kompyuta ya kazi ya kila siku haifai kuachwa hivyo.

Kizuizi kingine ni Memory integrity. Kiko Windows Security, Device security, Core isolation details. Windows 11 iliyosakinishwa upya kwenye mashine za karibuni huja nacho kimewashwa. Kinakagua namna draiva inavyotumia kumbukumbu ya kerneli, na draiva nyingi za kadi za zamani hazipiti mtihani huo. Dalili ni Code 39, au ujumbe wa Windows kwamba draiva fulani haiwezi kupakiwa kwenye kifaa hiki. Kizime, washa upya, uone. Kadi ikifufuka, umepata mkosaji, na dawa ni draiva mpya zaidi. Ikiwa haipo, uamuzi ni wako, ila ujue unachobadilishana: kinga ya mashine nzima kwa ajili ya kadi moja.

Kuondoa draiva ya zamani iliyong'ang'ania

Kubofya Uninstall device hakutoshi. Draiva hubaki ghalani na Windows huirudisha papo hapo ukichomeka kadi. Fanya hivi: chomoa kadi. Katika Device Manager fungua View, Show hidden devices, uondoe majina yaliyofifia ya kadi hiyo, ukiweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva kila kinapotokea. Kisha, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

pnputil /enum-drivers

Tafuta jina la mtengenezaji wa kadi, uandike pembeni namba yake ya oem, tuseme oem42.inf. Halafu:

pnputil /delete-driver oem42.inf /uninstall

Soma mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu kwenye orodha ileile zimo draiva za mtandao na za kadi ya picha. Washa upya, ndipo uchomeke kadi. Kama ni ya UVC, Windows itaipa draiva yake yenyewe. Isipofanya hivyo, ilazimishe: Update driver, Browse my computer, Let me pick from a list, chagua USB Video Device.

Jambo moja la kuangalia mapema: draiva ya biti 32 haipakiwi kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Hakuna ujanja hapo. Vivyo hivyo kompyuta za Windows zenye chipu ya Arm: programu za x64 zitaigizwa na kufanya kazi, lakini draiva lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya Arm.

Draiva imekaa sawa lakini programu haioni kadi

Kwanza ruhusa. Settings, Privacy & security, Camera: washa Camera access, na chini kabisa ya ukurasa washa Let desktop apps access your camera. Hiyo ya chini ndiyo inayosahauliwa. Rudia kwenye Microphone, kwa sababu sauti ya kadi huhesabiwa kuwa ni maikrofoni. Ukiiacha imezimwa utapata picha bubu.

Pili, programu mbili haziwezi kugombania kadi moja. Programu ya mtengenezaji inayojiwasha yenyewe na kompyuta inaweza kuwa imeshaishika kabla hujafungua ya kwako.

Tatu, biti tena, safari hii kwenye programu. Baadhi ya kadi za zamani husakinisha vichujio vya DirectShow (vipande vinavyopitisha picha ya kadi kwa programu) vya biti 32 pekee, na programu ya biti 64 haivioni. OBS Studio, programu maarufu ya kurekodi, iliacha biti 32 kuanzia toleo la 28 mwaka 2022, kwa hiyo aliyepandisha mfumo na OBS kwa pamoja hulaumu Windows bure. Hakiki kwa ffmpeg, programu ya video ya kuandikiwa amri:

ffmpeg -list_devices true -f dshow -i dummy

Jina la kadi likitokea kwenye orodha, draiva na kichujio ni sawa. Rudi kwenye mipangilio ya programu yako.

Nne, matoleo ya Windows yenye herufi N hayaji na vipengele vya video. Ongeza Media Feature Pack kupitia Optional features.

Picha ipo, lakini inakwama

Hapa ni hesabu. Picha isiyobanwa ya YUY2 hutumia baiti 2 kwa kila nukta. Kwa 1920×1080 na fremu 60 kwa sekunde, hiyo ni karibu megabaiti 249 kila sekunde. USB 2.0 kwa njia ya mtiririko inayotumiwa na kadi nyingi haipitishi zaidi ya megabaiti 24.5. Ndiyo maana kijiti cha USB 2.0 hubana picha kwa MJPEG kabla ya kuituma. Sasa, baada ya kupandisha toleo, programu husahau mipangilio na kuchagua YUY2 yenyewe, na ghafla 1080p inakwenda kwa fremu 5. Si kwamba kadi imechoka: 1920×1080×2×5 ni baiti 20,736,000, basi, poti imejaa. Kwenye OBS badilisha Resolution/FPS Type iwe Custom, weka 1920×1080 na fremu 30, na Video Format iwe MJPEG.

Kwa bahati, picha ya kanda ya PAL (kiwango kimoja cha picha za TV za zamani; kingine ni NTSC), 720×576×2×25, nayo ni baiti 20,736,000 zilezile. Inaenea, lakini kwa shida, na ndiyo sababu kijiti cha VHS kilichowekwa habu moja na kamera ya wavuti hudondosha fremu. Kipe poti yake. Rangi ya buluu ndani ya plagi, kwa taarifa yako, haithibitishi kuwa kifaa ni cha USB 3.0.

Picha ya kanda ikiwa haina rangi, au inabingirika kwenda juu, kiwango kimerudi NTSC ilhali kanda ni PAL, au kinyume chake. Kibadilishe kwenye sifa za kifaa ndani ya programu. Skrini nyeusi tupu huku kila kipimo kikiwa sawa, jaribu chanzo kingine cha HDMI: huenda chanzo kimewasha HDCP, ulinzi wa kuzuia kurekodi. Kwenye PlayStation 5 huzimwa kwenye Settings, System, HDMI, Enable HDCP.

Na sauti: MS2109 hujitangaza kuwa inatoa sauti ya mono ya 96,000 Hz, ingawa kilichomo ni stereo ya 48,000 Hz. Ukisikia chaneli zote mbili zimekorogwa pamoja, ni kasoro ya chipu na si mfumo wako mpya.

Kwenye Mac

Anza na QuickTime Player: File, New Movie Recording, bofya mshale kando ya kitufe chekundu, uchague kadi. Ikionekana humo, draiva si tatizo. Nenda System Settings, Privacy & Security, Camera, uhakikishe programu yako imeruhusiwa. Ruhusa zikichanganyikiwa, tccutil reset Camera kwenye Terminal huzifuta zote ili uulizwe upya. Kwenye laptopu za Apple silicon (chipu za Apple yenyewe) angalia pia Allow accessories to connect; ukibofya kataa bila kufikiri, kadi itapata umeme lakini haitaonekana.

Kwa kadi zisizo za UVC, mambo yamekuwa yakibana toleo hadi toleo. macOS 10.15 ya 2019 iliondoa programu za biti 32. Kwenye Apple silicon, draiva ya aina ya kernel extension (inayoingia ndani ya kerneli) haipakiwi mpaka uingie Recovery na kushusha usalama hadi Reduced Security, na draiva iliyoandikwa kwa Intel pekee haiokolewi na Rosetta, kitafsiri cha programu za Intel. macOS 14.1 ilizima programu-jalizi za kamera za mtindo wa zamani; kuzirudisha, washa Mac kwenye Recovery, fungua Terminal, uandike:

system-override legacy-camera-plugins-without-sw-camera-indication=on

Na aliyekuwa akinasa kanda za DV kwa FireWire (aina ya zamani ya kiunganishi) asipande macOS 26: FireWire imeondolewa humo.

Kwenye Linux

Kerneli mpya ikija, draiva za nje ya kerneli zinazojengwa kwa DKMS, zana ya kuzijengea kila kerneli, lazima zijengwe upya. Andika dkms status. Kerneli ya sasa isipokuwemo, sakinisha vichwa vyake (headers, faili zinazohitajika kujengea draiva) kisha ujenge; kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall

Ikijengwa lakini ikakataa kupakiwa kwa ujumbe Key was rejected by service, ni Secure Boot. Sajili ufunguo wako kwa mokutil --import, uwashe upya, na ukubali kwenye skrini ya buluu inayotokea kabla ya mfumo kupanda. Ukiiacha ipite, itabidi uanze tena.

Kadi ya UVC hutoa faili mbili, mathalani /dev/video0 na /dev/video1. Ya pili ni ya taarifa tu na haina picha, hivyo usipoteze jioni nzima kuilazimisha. Orodha utaipata kwa v4l2-ctl --list-devices, na aina za picha kwa v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext.

Ikiwa draiva haipo tena popote

Usitegemee mashine pepe kwa kijiti cha VHS. Mtiririko wa USB hauvumilii ucheleweshaji wake na picha itakatikakatika. Njia nyepesi kwa chipu za STK1160, UTV007 na Empia ni flashi ya Linux, kwa kuwa draiva zake zimo ndani ya kerneli. Washa kompyuta kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, sakinisha v4l-utils na ffmpeg kama hazimo, chomeka kadi, kisha:

v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-standard=PAL
ffplay -f v4l2 /dev/video0

Picha ikitokea, rekodi kwenye diski ya nje iliyochomekwa poti tofauti na ya kadi. Kilichohifadhiwa ndani ya mfumo wa flashi hukaa kwenye RAM na hupotea ukizima.